Maharage ya Kwa Mshenga

Mwaka ule muhogo ulioza ardhini, tukala unga wa kambini. Ulikuwa unga wa njano unaonuka gunia. Wakimbizi wanatuletea, sisi tunawapa ndizi na mboga. Na zile njegere kavu zilizopasuliwa, ukizibandika asubuhi zinaiva jua limeshachoka, ukigeuka kidogo zimekuwa gundi. Huku kwetu Kibondo ukimwuliza mtu wa rika langu jambo lilitokea lini, hatakutajia tarakimu. Atasema, mwaka wa unga wa njano, na sote tunakumbuka tulivyokonda.

Ndio mwaka binti yangu Skola aliporudi nyumbani kutoka Rungwe Mpya. Ameachwa. Winfrida amemshika mkono, Yona yuko mgongoni. Na ndio mwaka Mshenga alipoanza kuja mlango wa jikoni kwangu na mfuko wa maharage.

Jina analo, alibatizwa kama sisi wote. Lakini ameshenga ndoa nyingi mpaka jina likamwanguka njiani, na hakuna aliyeinama kuliokota. Watoto walimwita Mshenga, mkewe alimwita Mshenga, na mchungaji akitangaza michango ya kanisa alisoma, "Mshenga, kuku mmoja." Ndiye aliyekuja kumposa Skola wangu kwa ajili ya yule kijana wa Rungwe Mpya.

Alikuwa mrefu, mkavu, masikio yamekaa kama vipini vya sufuria. Alifuga nyuki, mizinga yake ilikuwa juu ya miti kule msituni, kwa hiyo alinuka moshi hata siku ya Pasaka. Nyuki walimuuma miaka na miaka mpaka uso wake ukakata tamaa ya kuvimba. Alikuwa na koti moja la kahawia la kazi ya ushenga. Ukimwona anapita na koti jua likiwaka, unajua kuna binti wa mtu anakwenda kusifiwa.

Alikuwa mwongo. Nasema wazi kwa sababu hata yeye alikuwa anasema. Uongo wake ulikuwa wa kupamba, haukuwa wa kuiba. Alimposea kijana mmoja kiwete, wazee wa binti wakaguna. Akawaambia, "Ninyi si mlilia mkwe wa kwanza alipokimbia? Huyu nimewaletea asiyekimbia." Wakacheka, na mtu akishacheka amekwisha. Binti mwingine alikuwa na mdomo, anagombana mpaka na mbuzi. Mshenga akamwambia baba wa kijana, "Nyumba ya mwanao haitaingiwa na mwizi, maana haitakuwa kimya hata siku moja." Ndoa hizo zote mbili zipo mpaka leo. Ile ya Skola wangu, aliyoisifia kwa ukweli mtupu, ndiyo iliyovunjika.

Na bahili! Chumvi aliinunua kama mtu anayetoa jino. Jirani yangu alikwenda kumwomba asali, mtoto anakohoa. Mshenga akachovya kijiti, akamlambisha mtoto, akakilamba mwenyewe kilichobaki, akasema, "Akizidiwa mlete tena." Tumbaku yake aliificha kwenye soksi. Baiskeli hakuazima mtu. Alisema baiskeli ni kama mke, ila mke hapasuki mpira. Mkewe akisikia hivyo alimtupia gunzi la muhindi. Huyo mkewe alikuwa mwanamke wa Mabamba, kule mpakani, mfupi, mwenye kicheko cha kutikisa bati. Aliolewa na mkungu wa ndizi kichwani na mbegu za kwao zimefungwa kwenye kona ya kanga.

Sasa mtu bahili namna hiyo, ukimwona anakuja kwako na maharage, unajiuliza kuna nini.

Niseme habari ya posa, kwa sababu kila kitu kilianzia hapo. Kwetu mama wa binti hakai barazani na wanaume wakipanga mahari. Anakaa ndani, nyuma ya mlango, na anaruhusiwa kuuliza swali moja. Moja tu. Mshenga anajibu akiwa amechuchumaa, na jibu lake ndilo litakaloulizwa siku mambo yakiharibika. Kwa hiyo washenga wenye akili wana namna ya kumaliza jibu. Wanasema, "Ndivyo walivyosema walionituma." Hapo mshenga ameshaosha mikono.

Mimi sikuuliza nyumba ya bati wala shamba la kahawa. Niliuliza, "Watakula nini?"

Halafu nikasikia sauti yake, na nilijua kabisa kwamba pombe ya ndizi imemfika mahali pazuri. "Yeye na watakaotoka tumboni mwake hawatalala na njaa," alisema. "Nimesema mimi."

Nimesema mimi! Wazee wakashangilia. Mimi nyuma ya mlango nikajisemea, ehe, huyu baba amejifunga kamba mwenyewe, tena shingoni. Alitaka kupigiwa makofi tu. Sifa zilimponza.

Ndoa ilikwenda, ikazaa, ikaoza. Mkwe wangu akapata mwanamke mwingine, Skola akafungiwa nguo zake kwenye shuka. Tulikaa kikao. Ikasemwa baba atawapelekea watoto chakula kila mavuno. Akaleta mara moja, pamoja na mbuzi aliyekonda mpaka ukimshika unasikia mawazo yake. Halafu kimya. Nikapanda gari mpaka ofisini Kibondo mjini. Binti wa ustawi wa jamii alinipokea vizuri, akanipa kiti, akasema, "Bibi, kutunza watoto ni wajibu wa baba, ameacha mke lakini hajaacha watoto." Nikamwambia, mwanangu, hayo nilijua kabla hujazaliwa, nieleze namna ya kumfanya alete. Akamwita. Akaja, akaahidi, akaondoka. Akaitwa tena, akaja, akaahidi. Nauli yangu ilikuwa inakwenda na kurudi, unga ulikuwa hauji. Mtu akichoka miguu anapumzika. Mimi nilichoka mahali ambapo hapana kitanda chake.

Halafu baba akafa. Homa, hospitali, hakurudi. Niliwafunga watoto vitambaa vyeusi, nikawapeleka Rungwe Mpya kumzika baba yao, maana baba ni baba. Baada ya mazishi, wanaume wamekaa, Mshenga akainuka akauliza mbele ya wote, "Na hawa watoto, chakula chao sasa nadai kwa nani?"

Mdogo wa marehemu akasimama. Alikuwa amevaa miwani ya jua msibani. Akasema, "Mzee wangu, aliyekuwa anadaiwa tumemzika sasa hivi. Deni tumelifukia naye. Kaburini hakudaiwi."

Kuna watu waliitikia kwa kichwa, nawakumbuka sura.

Mshenga akatazama kaburi, udongo bado mbichi. Akasema, "Basi shimo mngeacha wazi, mnizike na mimi, maana aliyeahidi ni mimi na bado napumua."

Shamba la marehemu lilibaki kwa yule mdogo wake wa miwani. Alililima kuanzia masika yaliyofuata, kana kwamba kaka yake hakuwahi kuzaa. Binti wa ustawi alisema shamba ni haki ya watoto, twende mahakamani. Skola alikuwa ameanza biashara ndogo Mabamba, anauza mawese na dagaa siku za soko ili watoto wasome. Kumwondoa hapo kumpeleka mahakamani ni kuwanyima watoto daftari. Tukasema, tutakwenda. Maneno hayo, tutakwenda, yamekaa nyumbani kwangu mpaka yamezeeka na mimi.

Lakini maharage yalikuwa yanakuja. Kabla ya msiba Mshenga alisema, "Baba yao amenituma, unga bado anautafuta." Baada ya msiba akasema, "Ukoo umenituma. Wamejirudi, wana aibu, hawataki maneno." Yalikuwa maharage ya njano matupu, safi, kama wanayolima Rungwe Mpya kuwauzia wafanyabiashara wa Kasulu. Nikaamini. Nikatuma salamu za shukrani kwa kila aliyekwenda upande ule. Nikawafundisha watoto kuwaombea babu na baba mdogo kabla ya kula. Nawaambia ukweli, nikikumbuka tuliombea ile miwani, natamani kumfuata Mungu niirudishe ile sala.

Siku moja akaleta mfuko, akaondoka haraka. Nikamwaga kwenye ungo nipembue. Mikono ikasimama.

Kwa asiyelima nieleze. Huku kwetu mwanamke hapandi aina moja ya maharage, labda awe analima ya kuuza. Ya kula nyumbani anachanganya. Mchanganyiko huo ametoka nao kwao, ameongeza, amepunguza, hata ukimwaga kwenye ungo unajua ni wa nani kama unavyojua sura ya mtoto wake. Na pale kwenye ungo wangu kulikuwa na meusi madogo, na ya zambarau yenye madoa, na yale meupe yenye jicho jekundu ambayo hakuna mwanamke upande wetu aliyekuwa anapanda kwa sababu yanachelewa kuiva. Hakuna, ila mmoja, mwanamke wa Mabamba.

Nikajitwika ungo ulivyo. Nikavuka kijito, nikaingia uani kwa Mshenga. Alikuwa anachonga mfuniko wa mzinga. Mkewe alikuwa jikoni.

"Mwakeye," nikawasalimu.

"Tumeamka, Mama Skola. Mbona na ungo? Kuna arusi?"

"Mshenga, haya ni ya nani?"

Akatazama, akaendelea kuchonga. "Ya Rungwe Mpya."

"Rungwe Mpya yana jicho tangu lini?"

Jikoni nikasikia kicheko. Mkewe akatoka akijifuta machozi ya moshi. "Nilimwambia! Nilimwambia, Mama Skola atayajua! Mwanamume anadhani maharage ni maharage tu. Miaka yote anauza asali yangu na yake, ananunua ya njano sokoni, ati ili msijue. Safari hii nikamwambia sinunui maharage na ghala limejaa, peleka haya au kaa."

Mshenga akaweka shoka chini. Sijawahi kumwona mtu bahili akiwa na aibu ya kutoa; kwa kawaida ni kinyume. Akasema, "Mama Skola, watoto wakijua ukoo wao umewaacha, watakua na jiwe kifuani. Acha wajue wanaletewa."

"Kwa hiyo nimshukuru mtu ambaye hajanipa hata ganda?"

"Neno lina gharama gani?"

Nikamwambia, nimesimama pale pale na ungo wangu: "Siwezi kula kwako nikashukuru kwao."

Akaokota shoka lake, akasema, "Basi usimshukuru mtu yeyote. Kula tu."

Nikala. Nisingekula ningekuwa mjinga, na watoto hawali kiburi cha bibi yao. Lakini tangu siku ile, mbele za watu, kanisani, msibani, kisimani, kila aliyeuliza watoto wa Skola wanakula nini nilijibu, wanakula kwa Mshenga. Alichukia! Alinipita njiani bila salamu wiki nzima. Na yale yenye jicho sikuyapika yote.

Alikuwa na maneno yake. Alisema ndoa ni kama mzinga, ukishautundika usiseme kazi imekwisha, lazima urudi kuangalia kilichoingia. Alisema, "Maneno yangu hayana miguu, miguu yake ni mimi." Niliyapenda, nikadhani ni mtu aliyezaliwa na uaminifu kama wengine wanavyozaliwa na meno mazuri. Mpaka siku ya Kasulu.

Tulikwenda soko la Kasulu, mimi kununua sare ya Winfrida, yeye kuuza asali na kutafuta jembe. Mtu huyu alikuwa anakata bei mpaka muuzaji anaumwa kichwa. Aliwahi kumchosha mwenye duka mmoja, mzee mwenye kofia ya kufuma, mpaka akamwambia, "Chukua bure, nenda, nisije nikakufuru." Basi tukapita mabanda yote ya majembe, akasimama banda la mwisho. Muuzaji alikuwa mwanamume mtu mzima, mrefu, mkavu. Masikio niliyaona lakini akili haikufika.

"Shikamoo mzee," akasema yule mwanamume, kama unavyomwamkia mpita njia.

"Marahaba."

Akataja bei, bei ya kumtajia mgeni. Mshenga akalipa. Hakusema hata "punguza". Akachukua jembe, akasimama kidogo kama mtu aliyesahau kitu, akaondoka.

Njiani nikamcheka. "Leo umeumwa na nini? Umelipa kama mzungu!"

Akahamishia jembe bega la pili. "Yule ni wangu," akasema.

"Wako nani?"

"Mwanangu. Wa ujanani, kabla ya huyu mama. Nilimwambia mama yake nitaleta, nitaleta. Kila masika nanunua jembe pale. Jina langu anajua, sura hajui. Au anajua, ananiamkia hivyo makusudi. Sijui, Mama Skola, na siwezi kumuuliza, maana nitauliza kwa mdomo gani?"

Nyumbani kwake kulikuwa na majembe mapya yamesimama kona ya ghala, hayajawahi kugusa udongo. Nilikuwa nadhani ni ubahili.

Sikumhurumia sana, niseme kweli. Nilimfikiria mama wa yule mwanamume, alivyokuwa anapembua ungo mtupu. Maharage yaliyokuja kwangu yalikuwa ya mtoto mwingine, yalichelewa, yakakosea mlango. Lakini wangapi wamechelewa kama yeye na hawajakosea mlango wowote, wamekaa tu?

Mkewe alikufa mwaka ule tuliokula viazi vitamu mpaka watoto wakavikimbia. Baada yake Mshenga hakupanda tena. Alileta alichopata, ndizi, asali kidogo, mara unga. Winfrida akaolewa, na Mshenga akakataa kushenga, alisema koti halimtoshi. Skola bado yuko Mabamba na mawese yake, magoti yanamuuma kama yangu. Yona amekuwa mwanamume, ana ndevu, anataka kuoa, analima mashamba ya watu kwa kutwa kwa sababu langu ni dogo, limechoka kama mwenyewe.

Juzi, mvua hazijaanza, Mshenga amekuja. Amekuja kwa fimbo, kuvuka kijito tu kumemchukua asubuhi nzima. Amevaa koti la kahawia. Nikajua kuna posa, ila sikujua anaposa nini.

Nikamweka kwenye kiti, nikarudi kwenye chungu. Anaongea nami kupitia mlango wa jikoni, mimi ndani, yeye nje.

"Mama Skola, wamekubali."

"Nani?"

"Rungwe Mpya. Yule mdogo wa marehemu. Nimekwenda mara nyingi kwa gari, mwishowe amekubali. Yona apewe shamba la baba yake, lote, mpaka kwenye mikaratusi. Kabla ya mvua."

Nikashika fremu ya mlango. "Kwa nini sasa?"

"Amekuwa mzee wa kanisa. Watu wanasema. Anataka kikao, wazee wote, na anataka useme neno moja."

"Neno gani?"

Akakohoa. "Kwamba miaka yote ukoo ulikuwa unaleta chakula. Kupitia kwangu. Kwamba mimi nilikuwa nabeba tu. Ukisema wewe, hakuna atakayebisha, kila mtu anajua hukuwahi kusema uongo wa kumfurahisha mtu."

"Na wewe utakaa hapo unasikiliza?"

"Mimi ni mshenga. Mshenga hana tumbo."

"Usiniletee maneno ya arusi."

"Haya, sikiliza ya msiba!" Amepandisha sauti, halafu kifua kimemkamata, nimesubiri kimalize. "Mimi nakwisha. Nikifa nani atawauliza tena? Unataka Yona siku moja apite kwenye shamba la baba yake, amwamkie anayelima, 'Shikamoo mzee,' kama mpita njia? Nimeona hiyo. Naijua inavyouma. Sema, Mama Skola. Kiburi chako kitamlisha Yona?"

Yona mwenyewe ameshaniambia maneno kama hayo, kwa upole kuliko yeye. Nami usiku silali vizuri, sina nguvu ya mahakama, sina nguvu ya kikao, naona hata kuni zimeongezeka uzito. Neno moja, na kijana ana shamba. Nimelipima lile neno, msidhani sikulipima.

Nikapakua, maana chungu kilikuwa kimeiva. Nikamletea sahani na ugali. Amenawa, amemega, amekula tonge la kwanza bila kutazama. La pili akasita. Akashika haragwe moja kwa vidole, akalileta karibu na jicho lake linaloona.

"Haya ni ya nani?"

"Ya mama wa Mabamba. Nimeyapanda tangu siku ya ungo. Kila mwaka."

Amelitazama sana. "Nilidhani yamekwisha," akasema. "Nilimaliza mbegu zake zote. Nilizila, Mama Skola, nilikuwa peke yangu, nikazila."

"Kula. Yapo."

Amekula. Mpaka amekomba sahani kwa kidole, bahili yule yule. Halafu akainua uso. "Kikao ni wiki ijayo. Niwaambie utasema?"

"Waambie nitakuja. Nitasimama mbele ya wazee wote, na shamba nitalidai kwa sababu ni la baba yake Yona, mpaka kwenye mikaratusi."

"Na lile neno? Bila lile neno hawatoi, Mama Skola. Nakuomba. Gharama yake nini?"

Nikachukua sahani mkononi mwake, tupu, ya moto bado, nikamwambia:

"Siwezi kula kwako nikashukuru kwao."